Filamu ya kutisha: namna ya kupanga majina ya mwanzo

Filamu ya kutisha inaweza kumtia mtazamaji hofu kabla mhusika yeyote hajaonekana. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya mwanzo, inayoonyesha jina la filamu na majina ya walioitengeneza.

Tuchukue mfano wa Halloween, filamu ya Marekani ya mwaka 1978. Gizani kuna boga moja lililochongwa macho na mdomo, ndani yake mwanga unawaka. Kamera inalisogelea polepole, majina yanapita kando, na kinanda kinarudia sauti zile zile. Muziki huo aliutunga mwongozaji mwenyewe, John Carpenter. Hakuna damu, hakuna kelele, lakini hofu imeshaingia.

Kwa wanafunzi wasio na fedha nyingi, tunashauri hivi: chagueni kitu kimoja tu kinachohusu hadithi yenu. Amueni sauti kabla ya kupiga picha. Muuaji asionekane mapema. Herufi ziwe kubwa, kwani wengi watatazama kwenye simu.

Mwisho, hakikini kila jina. Kwa aliyejitolea bila posho, jina lake kwenye filamu ndiyo malipo yake.