Tofauti za Mawasiliano kati ya Mume na Mke

Ndoa huzaliwa kwa neno. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinafundisha, katika Kanuni ya 1057, kwamba ridhaa ya wahusika ndiyo inayoifanya ndoa; na Kanuni ya 1104 inataka ridhaa hiyo idhihirishwe kwa maneno, au kwa ishara zenye maana ileile iwapo mmoja hawezi kusema. Neno lililoianzisha ndoa linapaswa pia kuilinda. Hata hivyo, tunaona katika familia zetu kwamba wawili wanaopendana kweli huweza kuishi chini ya paa moja wasielewane, kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kusema na ya kunyamaza.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aligusia jambo hili katika Wosia wa Kitume Amoris laetitia, yaani Furaha ya Upendo, wa tarehe 19 Machi 2016. Katika namba 136 anakiri kwamba wanaume na wanawake huwasiliana kwa namna tofauti. Katika namba 137 anaongeza kwamba mara nyingi mwenzi hahitaji kupewa suluhisho la tatizo lake, anahitaji kusikilizwa.

Mtaalamu wa isimu wa Marekani, Deborah Tannen, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza kwamba wanawake wengi huzungumza ili kujenga ukaribu, na wanaume wengi huzungumza ili kutoa taarifa. Huo ni mwelekeo tu, wala si sheria. Malezi, tabia na desturi za ukoo nazo zina nafasi yake, na zipo nyumba ambamo mume ndiye msemaji na mke ndiye mkimya.

Tuchukue mfano wa ada ya shule. Jioni mke anasema kwamba shule zinakaribia kufunguliwa. Pengine anataka tu wasiwasi huo ubebwe na wawili. Mume anasikia lawama kwamba ameshindwa kutunza nyumba. Na kwa kuwa hana fedha, ananyamaza. Kwake, kunyamaza ni kutafakari na kulinda heshima yake. Kwa mkewe, ni kutojali. Mke anarudia kwa sauti ya juu, mume anatoka nje. Hali hiyo ikizoeleka, madeni hufichwa, kila mmoja huamua peke yake, na watoto hugeuzwa wajumbe kati ya wazazi wao.

Tunawashauri wanandoa mambo matatu. Kwanza, anayesema aeleze anachohitaji: ushauri, msaada au sikio tu. Pili, anayesikiliza amwache mwenzake amalize, kisha arudie kwa ufupi alichoelewa kabla ya kujibu. Tatu, anayehitaji ukimya aseme hivyo na ataje wakati wa kurudi kwenye mazungumzo, ili ukimya wake usidhaniwe kuwa dharau.

Tofauti hizi, hata hivyo, kamwe zisihalalishe matusi, vitisho wala kipigo. Anayenyamaza kwa hofu anahitaji ulinzi kabla ya mafundisho ya mazungumzo. Nao waliokwama wasisite kuwaendea wasimamizi wao wa ndoa au paroko mapema, kabla ukimya haujawa desturi ya nyumba.