Kikombe cha buluu na kumbukumbu ya nyota wa sinema

WAHENGA walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Nchini Marekani, hata hivyo, kuna vyombo vya kale vinavyotafutwa kwa hamu leo ilhali vilipotolewa mara ya kwanza havikuuzwa hata kwa senti moja.

Hivi ni vikombe, majagi madogo ya maziwa na mabakuli ya kioo cha buluu iliyokoza, vyenye picha nyeupe ya msichana mdogo mwenye nywele zilizojikunja. Msichana huyo ni Shirley Temple, mwigizaji aliyezaliwa Santa Monica, California, Aprili 23, 1928.

Chanzo cha vyombo hivyo ni dhiki. Baada ya soko la hisa la New York kuporomoka Oktoba 1929, uchumi wa Marekani ulidorora, na kufikia 1933 takriban robo ya wafanyakazi hawakuwa na ajira. Viwanda vya kioo vilijikimu kwa kugandamiza vyombo vya bei nafuu katika kalibu za mashine, na wafanyabiashara wakavitumia kama chambo cha kuwavutia wanunuzi.

Majumba ya sinema nayo hayakubaki nyuma. Katika siku zisizo na watazamaji wengi, aliyelipa kiingilio alipewa kikombe au sahani moja. Aliyetaka seti kamili alilazimika kurudi wiki baada ya wiki.

Wakati huo Temple alikuwa kipenzi cha umma. Filamu ya Bright Eyes ilitoka mwaka 1934, na kwa miaka minne mfululizo, 1935 hadi 1938, aliongoza orodha ya nyota waliovutia watazamaji wengi zaidi nchini humo. Kampuni ya vyakula ya General Mills ikatoa vyombo vyenye sura yake kwa walionunua bidhaa zake, na Hazel-Atlas ilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyovitengeneza.

Temple aliacha uigizaji wa filamu mwaka 1950, akaingia katika utumishi wa umma. Bara la Afrika linamkumbuka kama balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia 1974 hadi 1976. Alifariki Februari 10, 2014.

Vikombe vyake vingali vinazunguka katika masoko ya vitu vya kale. Lakini si vyote ving'aavyo ni dhahabu, kwani nakala za baadaye zimetengenezwa kwa wingi na mnunuzi asiye makini huuziwa mpya kwa bei ya kale.

Mkusanyaji makini hukipindua chombo kwanza. Kitako cha kikombe kilichotumika mezani kwa miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio. Mikwaruzo inayoelekea upande mmoja yaweza kuwa imetiwa makusudi kwa msasa. Aidha, ni vyema kukilinganisha na chombo ambacho asili yake inajulikana, hasa rangi ya kioo, uzito na mistari ya picha. Hakuna ishara moja inayotosha peke yake.

Utunzaji nao una kanuni zake. Picha imechomwa juu ya kioo, hivyo mashine ya kuoshea vyombo huweza kuifuta. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa. Usitie maji yanayochemka, kwani kioo cha aina hiyo hupasuka kinapopata joto la ghafla.

Isitoshe, rangi za kupambia vyombo za enzi hizo huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto. Ni salama zaidi kukiweka kikombe kabatini kuliko kukinywea chai.

Msomaji aliyelelewa katika nyumba yenye kabati la vyombo vya wageni hatashangaa kwamba kioo cha bure kimedumu karibu karne moja. Familia iliyokipata ilikuwa na vichache, ikavitunza. Kwa hivyo anayekipenda kwa ajili ya historia hiyo asiikwangue mikwaruzo yake ili king'ae. Hiyo mikwaruzo ndiyo ushahidi kwamba kuna mtoto aliyewahi kunywea maziwa humo.