Kabla ya DhowCSD, Bondi Ilikuwa Safari ya Kisumu

Wasee, siku hizi kila mtu mtandaoni ni mtaalamu wa bondi. Sawa. Lakini ni wangapi wanajua kwamba kabla ya 2023, mtu wa Kakamega akitaka kuikopesha serikali moja kwa moja alikuwa anapanda matatu? Chavakali, Majengo, Kiboswa, mpaka tawi la Benki Kuu Kisumu, na fomu mkononi, picha za pasipoti, na muhuri wa benki yake. Hapo ni kufungua akaunti tu. Bado hujanunua kitu. Ama uiachie benki ikununulie, nayo ikate chake.

Benki zenyewe hazikuwa zinapanda matatu. Zilikuwa na watu wao Nairobi wanaokaa mbele ya skrini kutwa nzima, kazi yao ni kununua na kuuza deni la serikali.

Halafu ikaja 2016. Mwezi wa 8 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi sheria ya riba: benki isitoze mkopo zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mimi nilikuwa bado mtoto wa primary, lakini nakumbuka watu wazima wakishangilia. Kwa mawazo yangu, hii ndiyo sehemu ambayo hatufundishwi vizuri (na chuo niliacha, kwa hivyo nimejisomea). Benki ilijiuliza swali rahisi: kwa nini nimkopeshe mama mboga, ambaye biashara inaweza kuanguka, wakati riba yangu imewekewa kifuniko, na serikali iko hapo inataka pesa na italipa? Pesa zikahamia kwenye bondi. Mwenye duka dogo, ambaye sheria ilitungwa kwa jina lake, akakosa mkopo kabisa. Kifuniko kikaondolewa Novemba 2019.

Katikati ya hiyo vurugu, Machi 2017, serikali ikatoa M-Akiba. Bondi kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10, bila kodi. Awamu ya kwanza ya milioni 150 ilinunuliwa yote. Ya pili ilitaka bilioni moja, haikufika hata milioni 300. Ni kweli ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Wakenya mwaka kama huo hushika pesa. Ila wakubwa nao walikata tamaa haraka sana.

DhowCSD ikaja 2023. Unafungua akaunti ukiwa kitandani Amalemba, unaweka ombi lako kwa simu, pesa zinaingia benki. Nayo benki inaweza kukopa kwa benki nyingine ikiweka bondi rehani humo humo. Mtambo mmoja, mimi na wao.

Lakini angalia mlango: bondi ya kawaida inaanza na 50,000. Boda wa Lurambi atatoa wapi 50,000 za kukaa miaka 10 bila kuguswa? Wakati huo huo riba ya hizo bondi inalipwa na kodi yake, mpaka ile iliyo kwenye salio la simu. Na anayeipokea kwa wingi bado ni benki.

Mimi ningechukua bei ya M-Akiba niiweke ndani ya DhowCSD. Mitambo iko tayari. Imebaki Benki Kuu na Hazina kukaa chini na kubadilisha namba moja.