Subaru Ilinoki Mlima wa Mbaga, Babu Akacheka: Historia ya Ndinga za Spoti na Barabara Zetu

Wadau, leo siongelei ekzosi wala rimu. Naongelea vitu ambavyo hakuna mtu anavipiga picha akavipost: rejeta, oili na beringi. Usikimbie kwanza, kuna kisa.

Kila Desemba Wapare tunapanda milima kurudi kwetu. Mabasi yanajaa, Noah zinajaa, na wenye ndinga zao wanapita stendi ya Same taratibu ili waonekane. Desemba moja, kati ya hao waliopita taratibu alikuwemo mshkaji wangu. Simtaji jina kwa sababu anasoma hapa na bado ana hasira. Alikuja na Subaru Impreza WRX ya 1998, bluu, rimu za dhahabu, na ekzosi ambayo ikinguruma Makanya unaisikia ukiwa Same (nimeongeza chumvi kidogo, kidogo tu).

Tulikuwa watatu ndani. Tukatoka Same saa nane mchana, na jua la Same mnalijua, vumbi na upepo wa moto. Mwembe tukapita tunapunga mikono kama wabunge. Baada ya hapo njia inaanza kupanda kuelekea Mbaga, kona juu ya kona, gia ya kwanza na ya pili basi. Turbo inafanya kazi muda wote lakini gari halina spidi, kwa hiyo upepo wa kupoza rejeta haupo. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Mshkaji akasema, "Itashuka tu." Haikushuka. Kwanza tukaona mvuke, halafu ikaja ile sauti: ko, ko, ko, ko, kama mtu anagonga bati kwa nyundo ndogo.

Injini ikawa imenoki. Tulivutwa kurudi Same na gari lililokuwa linashusha tangawizi, watoto wa barabarani wanatushangilia. Na hela aliyokuja nayo jamaa ilikuwa ya kumalizia bati za nyumba ya mama yake. Hiyo ikumbuke.

Jioni nikaenda kumsalimia babu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote. Babu alikuwa dereva wa Peugeot 404 enzi zake, amepiga sana njia za Upareni. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, hilo gari mmelipa nguo, hamkulipa maji." Halafu akaanza kunisimulia Safari, yale mashindano ya magari waliyokuwa wanayafuatilia redioni kila Pasaka. Mimi nilikuwa najua Safari ni ya Kenya. Nilipoanza kuchimba mwenyewe ndo nikaona kumbe nilikuwa sijui kitu.

Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na haikuwa ya Kenya peke yake. Ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo milima ya huku kwetu ilikuwa ndani ya mchezo. Majirani zetu wa Usambara, ukishapita Mkomazi, waliogopwa na madereva kwa kona na matope. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam na kuishia Dar es Salaam. Baadaye ile Afrika Mashariki yetu ilipoanza kupasuka katika miaka ya 1970, Safari ikabaki Kenya, na sisi wa kizazi hiki tukakua tunadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Sasa angalia namba hizi. Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena! Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, kwa gari lile lile alilokuwa anaendesha babu, Peugeot 404. Gari la familia hilo, wadau, gari la kubebea shangazi kwenda harusini. Viwanda vya Ulaya vilileta magari ya mbio yenye madereva mabingwa, wakayaacha kwenye matope. Hata miaka ya mwanzo kabisa, Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda zaidi ya mara moja, na moja ya siri zake ni kwamba injini inapozwa na upepo wa feni yake yenyewe. Haina rejeta, kwa hiyo haina rejeta ya kupasuka.

Lakini stori iliyonimaliza ni ya 1965. Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho, mtu wa gereji, mikono yenye grisi. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta kikosi chake kwenye Safari na mambo hayakwenda. Moja ya magari yale, Volvo PV544, Joginder akaja kuwa nalo. Ukiliona utacheka. Umbo lake lilikuwa la kizamani hata kwa wakati ule, maana lilitokana na gari lililoanza kuuzwa miaka ya 1940. Yaani ni mtumba wa mashindano, tayari umeshapigwa na barabara zetu mwaka mzima uliopita. Joginder na ndugu yake Jaswant wakaliandaa upya, wakaingia nalo, wakashinda Safari ya 1965 kwa zaidi ya saa moja mbele ya wa pili. Akawa dereva wa kwanza asiye Mzungu kuichukua.

Hapa tuingie ndani ya injini kidogo. Volvo za mwanzo za aina ile zilikuwa na injini ambayo krankshafti yake imeshikwa na beringi kubwa tatu. Krankshafti ni ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni zote. Mwaka 1961 Volvo wakatoa injini mpya, B18, ya lita 1.8, na mhimili umeshikwa na beringi tano. Piga picha chaga la kitanda limeshikwa na misumari mitatu, halafu lingine limeshikwa na mitano, na watu wanaruka juu. Lipi litaanza kulia? Nguvu ya farasi haitoki kwenye beringi, lakini injini ikiwa imekamatwa vizuri chini unaweza kuikandamiza siku nne usiku na mchana na isikwambie ko, ko, ko.

Joginder alikuja kushinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Colt Lancer, na katika Safari 22 alizoingia alimaliza 19. Mimi hiyo 19 naiheshimu kuliko ushindi wote. Watu walimwita "The Flying Sikh".

Kuna atakayesema basi magari ya spoti hayafai huku, tununue Probox. Hapana. Datsun 240Z ni gari la spoti haswa, milango miwili, pua ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Ilishinda Safari 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ya pili ikaingia Datsun ile ile ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mehta naye akashinda 1973 kwa 240Z, tena baada ya kufungana pointi na Harry Källström, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Na ile injini ya silinda sita mhimili wake umeshikwa na beringi ngapi? Saba.

Impreza yenyewe si mgeni. Colin McRae aliipa ushindi wa Safari 1997, Richard Burns akarudia 2000. Kwa hiyo mshkaji wangu hakukosea kuchagua gari. Tatizo ni kwamba gari lile la McRae lilikuwa na kundi la mafundi nyuma yake, na la kwake lilikuwa na stika.

Nikuongezee moja ya wakubwa. Porsche 911 ilijaribu sana Safari ya kweli na haikuwahi kuichukua. Björn Waldegård, Msweden, aliiendesha 1974 akamaliza wa pili. Akarudi nayo 1978 akawa wa nne. Kisha 2003 yakaanzishwa mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo baadhi ya miaka yamepita na huku Tanzania. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa ameshavuka miaka 65, akaingia na 911 ya zamani iliyoandaliwa na gereji ya Tuthill ya Uingereza, akashinda. Hiyo 911 ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya na watu wanaojua nini kinavunjika Afrika Mashariki.

Sasa turudi Same kwa mgonjwa wetu.

Fundi aliyetuokoa ni mzee mmoja, haongei sana, gereji yake iko chini ya mwarobaini. Aliposhusha ile injini na kuifungua, hakutafuta mbali. Kwenye bakuli la oili kuna chujio dogo ambalo pampu inavutia oili kupitia hapo. Lilikuwa limeziba nusu kwa vipande vya gundi ya silikoni. Kuna gereji huko mjini iliwahi kufungua bakuli, ikarudisha kwa kupaka gundi kama siagi kwenye mkate, ikazidi ikadondokea ndani. Kwenye tambarare oili iliyobaki ilitosha. Mlimani, injini ina joto, oili imekuwa nyepesi kama chai, beringi ya konrodi ya silinda namba tatu ikakaa kavu. Ikakwanguka.

Na rejeta? Ilikuwa ile ya kiwandani, aluminiamu katikati na plastiki juu na chini. Plastiki ya miaka ishirini na kitu, imepasuka ufa mwembamba. Ndani mmejaa kutu na matope kwa sababu wenye gari waliotangulia walikuwa wanaongezea maji ya mtoni badala ya kulanti. Themostati hamna, ilishatolewa. Hii ya kutoa themostati mafundi wetu wengi wanaipenda sana, eti gari lipoe. Injini ikikaa ya baridi muda wote kompyuta inaongeza mafuta, yanaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Halafu kumbuka kitu kimoja cha darasani: ukipanda juu maji yanachemka mapema. Kwenye mita 1,500 yanachemka kama nyuzi 95, siyo 100. Kifuniko cha rejeta kinachobana vizuri ndicho kinachozuia hilo, na cha kwake kilikuwa kimelegea.

Mshkaji akasema anaenda Ilala kutafuta injini ya mtumba, afunge, aondoke. Fundi akamwambia, "Kijana, utakuwa umenunua ugonjwa wa mtu mwingine." Wakabishana siku mbili. Mwisho hela ya bati ikaingia kwenye injini, na siwezi kukuficha, mama yake hakuongea na sisi wiki nzima.

Kilichofungwa: krankshafti nyingine kwa sababu ile ilikuwa na michirizi, beringi zote mpya, pampu ya oili mpya na chujio jipya la chini, gasketi za silinda hedi za chuma za tabaka nyingi. Mkanda wa taimingi na puli zake zote na tensheni yake, maana kwenye injini hii mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo ikabadilishwa palepale. Rejeta ya aluminiamu tupu. Themostati ikarudi mahali pake. Kulanti. Na geji ya presha ya oili mbele ya dereva, ambayo mimi nasema ni kitu cha bei rahisi chenye faida kuliko vyote hivyo, sababu ingekuwepo tangu mwanzo tungesimama kabla ya ko, ko, ko. Turbo ikaachwa ya kiwandani. Hakuna farasi hata mmoja aliyeongezwa.

Wakati fundi anasafisha ile krankshafti mbovu akanikumbusha jambo. Upareni wa Kaskazini, Ugweno, kulikuwa na ukoo wa wahunzi, Washana, waliokuwa wanayeyusha chuma karne nyingi kabla ya reli na lami, na Wachaga walikuwa wanakuja kununua chuma huko. Profesa Isaria Kimambo aliiandika historia hiyo ya Wapare kwenye kitabu cha 1969. Mzee alisema kwa utani, "Sisi chuma tunakijua. Nyie ndo mmejua rangi."

Desemba iliyofuata tukapanda tena, watatu walewale. Kwenye zile kona za juu ya Mwembe hakuna aliyeongea, wote macho kwenye mshale. Ulifika katikati ukakaa hapo mpaka Mbaga. Tulipofika hakuzima ghafla, aliiacha ingurume dakika kadhaa ili turbo ipoe, watoto wakajaa kuangalia.

Mama mtu akatoka, akaizunguka, akauliza, "Bati ziko wapi?"

Rimu za dhahabu zikauzwa. Bati zilipanda kwa Canter mwezi Januari.

Wadau wa Same, Hedaru, Gonja, Usangi na kokote: kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya magari ya Safari, au babu yako ana stori kama ya babu yangu, tupia hapo chini. Na yule atakayeuliza kama Subaru inauzwa, jibu ni haiuzwi.