Lea Salonga: maisha na kazi jukwaani

Lea Salonga, aliyezaliwa Manila tarehe 22 Februari 1971, ni mwimbaji na mwigizaji wa tamthilia za muziki kutoka Ufilipino. Ndiye mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway. Safari yake ya kimataifa ilianza kwa nafasi zilizoandikwa kwa ajili ya Waasia, ikaendelea hadi nafasi ambazo hapo awali hazikupewa mtu wa asili yake.

Utoto na malezi ya kisanii

Alipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1978, akiwa na miaka 7, katika The King and I. Mchezo huo uliandaliwa na Repertory Philippines, kundi lililoanzishwa mwaka 1967 na kuigiza kwa Kiingereza. Baadaye aliigiza kama Annie, na mwaka 1981 akatoa albamu yake ya kwanza, Small Voice. Kwa hiyo alipojiunga na Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila kusoma baiolojia, akilenga udaktari, tayari alikuwa mkongwe wa jukwaa.

Miss Saigon

Mwaka 1988 mtayarishaji Mwingereza Cameron Mackintosh na wenzake walifika Manila kufanya usaili wa mchezo wa muziki Miss Saigon, baada ya kukosa London na Marekani waimbaji wa Kiasia waliowatosheleza. Muziki wake ulitungwa na Claude-Michel Schönberg, na hadithi inahamishia opera ya Puccini, Madama Butterfly, katika Vita vya Vietnam. Salonga alichaguliwa kuigiza Kim, yatima wa miaka 17 anayempenda askari Mmarekani ambaye anaondoka na kumwacha mjamzito.

Nafasi hiyo huchosha sauti kuliko nyingi. Karibu kila neno huimbwa, Kim huwa jukwaani kwa sehemu kubwa ya mchezo, na maonesho ni 8 kwa wiki. Ndiyo maana kwa kawaida huandaliwa mwimbaji wa pili wa kushika zamu. Monique Wilson, aliyekulia Repertory pamoja na Salonga, naye aliigiza Kim London.

Mchezo ulifunguliwa Theatre Royal Drury Lane Septemba 1989, Salonga akiwa na miaka 18, ukamletea Tuzo ya Olivier, tuzo kuu ya maigizo ya London. Aprili 1991 ulihamia Broadway, naye akatwaa Tony.

Kabla ya hapo ulizuka mvutano. Chama cha waigizaji wa Marekani kilimkataa Jonathan Pryce, Mzungu wa Wales aliyeigiza mtu wa damu mchanganyiko ya Ulaya na Asia. Mackintosh akafuta onesho, na chama kikarudi nyuma. Salonga naye alipingwa kwa hoja kwamba nafasi ilistahili Mmarekani mwenye asili ya Asia, hadi msuluhishi alipomruhusu. Wakosoaji wengine waliulaumu mchezo wenyewe kwa kumchora mwanamke wa Kiasia kama kahaba au mhanga.

Baada ya Kim

Mwaka 1993 alikuwa mwigizaji wa kwanza wa Kiasia kushika nafasi ya Éponine katika Les Misérables huko Broadway. Éponine ni binti wa Kifaransa, na hadithi haikubadilishwa hata kidogo ili kumpokea. Mwaka 2007 alirudi katika mchezo huo kama Fantine. Katika filamu za Disney aliimba kwa niaba ya Jasmine katika Aladdin (1992) na Mulan katika filamu ya jina hilo (1998).

Hakuziacha hadithi za Waasia. Aliigiza katika Allegiance (2015), iliyohusu Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Here Lies Love, mchezo uliojaza jukwaa la Broadway waigizaji wenye asili ya Ufilipino pekee. Mwigizaji aliyewahi kuhitaji idhini ya msuluhishi ili aimbe New York sasa alikuwa upande wa wanaoajiri.