Boga, Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji

Ukifungua kitabu cha historia hutazamia kukutana na wafalme na majemadari, vita na mikataba, na miaka ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hayo yote yana haki ya kuandikwa. Lakini historia ina milango mingi, na mmoja wa milango hiyo ni mlango wa jikoni. Watu huupita mlango huo mara tatu kwa siku, wala hawajui kwamba wameingia katika nyumba ya kumbukumbu. Nakualika leo tuingie pamoja kwa mlango huo, katika nchi ya Wanga, huko Mumias, tutazame boga moja linalookwa katika jivu.

Ni jioni ya mwezi wa Agosti. Mvua za masika zilianza Machi, mahindi sasa yamekomaa, na katikati ya mabua maboga yamelala chini kama ng'ombe waliopumzika. Mama mwenye nyumba amechagua boga moja ambalo kikonyo chake kimekauka na ganda lake halipenyi ukucha. Amelifukia katika jivu la moto kando ya mafiga, akaendelea kusonga ugali. Ukutani, juu ya kichwa chake, kinaning'inia kibuyu cha maziwa. Boga na kibuyu ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea. Yote mawili hutambaa, yote mawili huzaa tunda lenye ganda gumu. Lakini tukiuliza habari za asili yao, tutaona kwamba ndugu hawa wawili walipishana baharini, mmoja akienda na mmoja akija.

Tuanze na kibuyu. Asili yake ni Afrika. Kikikauka huwa chepesi, na kikianguka majini huelea siku nyingi bila mbegu zake kuharibika. Mwaka 2014 wataalamu waliochunguza urithi wa vibuyu vya kale vilivyochimbuliwa Amerika walitangaza ya kwamba ukoo wao ni ule wa vibuyu vya Afrika. Yaelekea vilichukuliwa na mikondo ya bahari ya Atlantiki, bila nahodha wala tanga, vikafika ng'ambo yapata miaka 10,000 iliyopita. Basi hata kabla ya merikebu ya kwanza kuivuka bahari hiyo, mwana wa Afrika alikuwa amekwisha kuivuka.

Boga lilitoka upande wa pili. Katika pango la Guilá Naquitz, katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zilipatikana mbegu za maboga yaliyolimwa na watu, na umri wa mbegu zilizo kongwe kabisa ni kama miaka 10,000. Usidhani kwamba maboga ya zamani zile yalikuwa matamu kama haya ya leo. Maboga ya mwituni yana nyama chache, nayo ni chungu kiasi cha kudhuru. Watu wa kale walikula mbegu zake, na ganda wakalifanya chombo. Kisha wakulima, kizazi baada ya kizazi, walitenga mbegu za yale yasiyo machungu, wakazipanda, wakazitenga tena. Utamu unaouonja leo si zawadi ya bahati. Ni kazi ya mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wakulima hao walivumbua jambo jingine la akili. Walipanda mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja. Muhindi ulisimama ukawa nguzo ya mharagwe. Mharagwe uliurutubisha udongo. Na majani mapana ya boga yaliifunika ardhi, yakazuia magugu na kuhifadhi unyevu. Sasa nenda, ewe mwanafunzi, katika shamba la nyanya yako huko Mumias, au Butere, au Matungu. Hutakosa kuwaona wote watatu wakiishi pamoja. Bahari imewatenga wakulima wa Meksiko na wakulima wa Wanga, lakini udongo umewafundisha somo moja.

Je, boga lilivukaje? Mwaka 1492 merikebu za Hispania ziliongozwa na Christopher Columbus hadi visiwa vya Amerika. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi katika safari yake ya kwenda Bara Hindi. Wareno walikaa katika pwani yetu kwa muda mrefu. Walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1698 ngome hiyo ikatwaliwa na Waarabu wa Omani. Wakati huo wa ngome na mizinga ndio wakati ambao mazao ya Amerika yalizidi kuenea katika Afrika: mahindi, muhogo, viazi vitamu, njugu, pilipili na maboga. Mizinga ya Wareno imenyamaza, na ngome yao leo ni nyumba ya makumbusho. Lakini mbegu, ambazo hazikupigiwa mizinga wala kuandikiwa mikataba, zilipita mkono kwa mkono, kutoka soko hata soko, kutoka kwa mke aliyeolewa mbali hata kwa shemeji zake, mpaka zikawa wenyeji wa bara. Tazama basi ni nani aliyeshinda.

Mumias ni mahali panapofaa sana kutafakari mambo haya, kwa sababu Mumias yenyewe ilikuzwa na njia. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, ilifika katika ufalme wa Wanga karibu na mto Nzoia. Hapo ilipumzika na kununua vyakula kabla ya kuendelea na safari ya kwenda Buganda. Mskoti Joseph Thomson alifika mwaka 1883, akapaita mahali hapo Kwa Sundu, kwa jina la mfalme Shiundu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipita hapo, akaenda zake mpaka Busoga alikouawa. Mwana wa Shiundu, Nabongo Mumia, aliyeshika utawala mwaka 1882 na kuishi hadi mwaka 1949, ndiye aliyeupa mji jina ulilo nalo hata leo.

Haifai tuipambe habari hiyo. Pembe za ndovu zilisafirishwa kwa mabega ya wanadamu, na wako wanadamu waliofanywa bidhaa wao wenyewe. Hata hivyo njia hiyo hiyo ilileta lugha ya Kiswahili, na dini ya Kiislamu ambayo ina waumini wengi Mumias. Baadaye serikali ya Kiingereza ikaweka boma hapo. Reli ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, haikupitia Mumias, na mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Misafara ikakoma. Hema zikang'olewa. Lakini shamba halikuhama, wala jiko halikuzimika.

Linganisha sasa majiko mawili, la pwani na la Wanga. Pwani, hasa katika mwezi wa Ramadhani, boga hupikwa kwa tui la nazi, likawa futari laini lenye utamu. Mnazi haustawi Mumias kama unavyostawi Lamu au Mombasa. Basi boga lilikutana na vitu vya hapo, yaani jivu la moto, chumvi, maziwa na njugu. Tunda ni moja, lakini kila nchi imelifundisha desturi zake. Ndivyo mgeni anavyokuwa mwenyeji: habadili asili yake, bali hujifunza kuishi na majirani.

Huenda wewe wakaa bweni la shule, au mjini, na boga walijua kwa kuchemshwa tu. Nitakueleza namna ya kulioka, maana ni kazi nyepesi. Litoboe boga matundu machache kwa ncha ya kisu, ili mvuke upate njia. Ukipuuza jambo hili laweza kupasuka na kukumwagia jivu. Lifukie katika jivu lenye makaa chini yake, uligeuze mara kwa mara mpaka ganda liwe jeusi na kijiti kiingie bila kushindana. Lipasue, toa mbegu, nyunyiza chumvi, nawe ule nyama yake pamoja na maharagwe, samaki au mboga za majani. Mwenye joko la stima hukata vipande vinene, huvipaka mafuta kidogo na chumvi, huvioka katika moto wa nyuzi 200 kwa muda wa dakika 40 hivi, mpaka kingo zigeuke rangi ya kahawia. Ukionja boga ukaliona chungu, liteme wala usilile. Ule ni uchungu wa mababu zake wa mwituni, nao ni sumu.

Kwa nini la kuokwa hushinda la kuchemshwa? Sababu si uchawi. Boga lichemshwalo hunywa maji, na utamu wake ukazimuliwa. Liokwalo hutoa maji, na sukari yake ikabaki pamoja, ikakolea. Na ile rangi ya manjano iliyokoza ni dalili ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho na ngozi. Karotini huingia mwilini vema zaidi ikifuatana na mafuta kidogo. Kwa hiyo yule mama atiaye njugu zilizopondwa katika boga hufanya kazi ya mganga, ingawa haitwi daktari.

Wazee wa Kiswahili walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Methali hii hutumiwa kwa ajili ya mapenzi na jamaa, lakini hata kwa maana yake ya wazi ni ya kweli. Ua la boga huliwa. Majani yake machanga, ambayo Waluhya wengi huyaita lisebebe, huondolewa nyuzi yakapikwa yakawa mboga. Mbegu hukaangwa. Na boga lenyewe, likikomaa vizuri na kuwekwa pakavu penye ubaridi, hukaa miezi kadhaa bila kuoza. Ni ghala lisilohitaji dawa wala kufuli.

Na hapa ndipo penye shabaha ya maneno yangu. Mwaka 1971 kampuni ya sukari iliundwa Mumias, na mwaka 1973 kiwanda chake kikaanza kusaga miwa. Mashamba mengi yakageuka miwa mitupu. Muwa nao ni mgeni, asili yake Guinea Mpya, ng'ambo ya bahari ya Hindi. Simlaumu kwa ugeni wake. Ulileta fedha, na kwa fedha hizo watoto wengi walisomeshwa. Lakini muwa wa kwanza Mumias hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na boga hukaa miezi minne tu. Muwa hungoja gari, mizani na hundi. Boga hungoja kisu. Kiwanda kiliposhikwa na madeni, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu aliyeteuliwa na benki, jamaa ambazo zilikuwa zimelima muwa mpaka mlangoni ziliona tofauti hiyo kwa macho yao. Nyumba iliyoacha pembe ya shamba kwa mahindi, maharagwe na maboga ilikuwa na la kufukia jivuni. Nyumba isiyoacha ilikuwa na hesabu ya fedha inazodai.

Sisemi muwa ung'olewe. Nasema kwamba bei ya soko si kipimo pekee cha thamani. Boga halikuandikiwa hati, halikukopeshewa fedha, wala halikupigiwa hotuba. Kwa sababu hiyo vijana wengi hulidharau, wakaliita chakula cha masikini, na huona haya kulibeba shuleni. Mtu adharauye kitu ambacho watu wa mabara mawili walikitunza kwa miaka 10,000 hajakithibitishia udogo wake. Amejithibitishia usahaulifu wake mwenyewe.

Yule mama wa Mumias sasa analitoa boga lake jivuni. Analipasua, mvuke unapanda, watoto wanasogea. Kabla ya kula, anakwangua mbegu zilizo nono kutoka boga jingine alilolikata mbichi, anaziosha, anazitandaza juu ya ungo zikauke. Ukimwuliza afanyalo, atakujibu kwamba anaweka mbegu za mwaka ujao. Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa Oaxaca, ikafanywa Mombasa, ikafanywa kando ya mto Nzoia kabla ya misafara na baada yake. Ewe msomaji, utakaporudi nyumbani likizo, mwombe akupe mbegu kumi. Ziweke katika karatasi kavu mpaka Machi, kisha uzipande.