Usawa wa Bahari, Sifuri Inayopima Milima

Katika shindano la chemsha bongo, swali la mlima mrefu kuliko yote Afrika halimtoi mtu jasho. Mtoto wa darasa la nne atanyoosha kidole na kujibu: Kilimanjaro, mita 5,895. Pointi zinaandikwa, swali jingine linasomwa. Yanayoachwa nje ni maneno matano ambayo vitabu vya jiografia huyaweka mbele ya namba hiyo: "juu ya usawa wa bahari". Maneno hayo ndiyo yanayoeleza kipimo kilianzia wapi, na yakiondolewa, hata jibu ambalo kila mtu analiamini linaanza kuyumba.

Usawa, kwa masikio ya leo, ni habari ya haki: usawa wa jinsia, usawa mbele ya sheria. Lakini neno hilo lina kazi nyingine ambayo Waswahili huifanya bila kufikiri. Aliyevuka mto kwa miguu husema maji yalimfika usawa wa kifua. Fundi umeme huulizwa swichi aiweke usawa gani, naye huonyesha bega. Hapo usawa ni kimo ambacho kitu kimefikia, na kutokana na maana hiyo istilahi ya wanajiografia imejengeka vizuri mno: usawa wa bahari ni kimo cha uso wa maji ya bahari, nacho kinahesabiwa kuwa sifuri. Kilele kiko juu yake, bonde fulani liko chini yake.

Ugumu ni kwamba bahari haina kimo kimoja.

Mtu wa mwambao halihitaji darasa hilo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Unguja na Mombasa hufika mita 4 hivi. Siku za maji mafu hupungua sana. Pale wachokoaji wa pweza wanapotembea asubuhi kwa miguu, alasiri ngalawa inapita. Sasa mlima upimwe kutoka asubuhi au kutoka alasiri? Jibu la wapimaji ni wastani. Chombo kinafungwa mahali pamoja kwenye gati, kinaandika kimo cha maji saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka, kisha hesabu inajumlishwa na kugawanywa. Muda wanaoupenda zaidi ni miaka 19, kwa sababu njia ya mwezi kuizunguka dunia ina mzunguko wake wa kuinama na kuinuka unaochukua miaka 18.6, nao hugusa nguvu ya kujaa na kupwa. Ndiyo maana istilahi kamili ni usawa wa wastani wa bahari, ingawa neno la katikati limedondoka katika matumizi ya kawaida.

Vyombo vya namna hiyo vipo Mombasa na Unguja, na bandari nyingi duniani zina vyao. Lakini taifa haliwezi kuwa na sifuri kumi, hivyo kila moja huchagua yake. Waingereza walichagua kijiji cha bandari kiitwacho Newlyn, kusini-magharibi kabisa mwa nchi yao, na wakatumia vipimo vya mwaka 1915 hadi 1921. Wafaransa walichagua Marseille, kwenye Bahari ya Mediterania. Waholanzi wana alama ya Amsterdam, na Wajerumani wakaifuata.

Sifuri hizo hazilingani, na kuna daraja lililolipia jambo hilo. Laufenburg ni jina la miji miwili inayotazamana katika Mto Rhine, mmoja Ujerumani na mwingine Uswisi. Wahandisi wa pande mbili walipokuwa wakijenga daraja jipya la kuiunganisha, walijua kwamba Ujerumani huhesabu kutoka Bahari ya Kaskazini na Uswisi kutoka Mediterania, na kwamba tofauti ya sifuri hizo mbili ni sentimita 27. Waliiingiza katika hesabu. Kosa likawa kwenye alama: palipotakiwa kutoa walijumlisha. Mwaka 2003 iligundulika kuwa pande mbili za daraja zimepishana kwa sentimita 54, mara mbili ya tofauti yenyewe, ikabidi upande mmoja urekebishwe kabla ya kazi kumalizika.

Kwa nini Marseille na Amsterdam zisilingane, wakati bahari zote zimeungana? Msaada mzuri wa kulielewa hili uko kwa mafundi ujenzi wa mitaani. Fundi anayetaka msingi wa nyumba ukae sawa kutoka kona hadi kona, na pimamaji yake ni fupi, huchukua mpira mrefu unaoonyesha ndani, akaujaza maji, msaidizi akashika ncha moja kona ya mbali na yeye akashika ncha ya pili. Maji yakitulia, mahali yaliposimama katika ncha zote mbili ni usawa mmoja. Bahari nayo ingekuwa hivyo kama ingeachwa itulie, bila upepo, bila mikondo, bila joto la hapa kuzidi la pale. Haiachwi. Kwa hiyo hata wastani wa miaka mingi hutofautiana kidogo kutoka pwani hadi pwani.

Tena mvutano wa dunia wenyewe hauko sawa kila mahali. Penye miamba mizito maji huvutwa na kurundikana. Mahali pengine hubonyea. Uso ambao bahari ingeuchukua kwa mvutano huo peke yake, wapimaji huuita jioidi, na jioidi ina mabonde na vilima. Bonde lake kubwa kuliko yote liko katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Sri Lanka: uso wa maji pale uko chini kwa zaidi ya mita 100 ukilinganishwa na umbo laini la kihesabu wanalotumia wataalamu kuichora dunia. Baharia anayepita pale hateremki mteremko wowote, kwa sababu mvutano ule ule uliolibonyeza bonde ndio unaomwamulia lipi juu na lipi chini.

Tukirudi Kilimanjaro, usawa wa bahari chini ya mlima huo ni uso ambao hakuna aliyeuona. Bahari iko mbali, kilomita mia mbili na ushee kuelekea mashariki, na mpimaji anatakiwa kuuingiza kwa hesabu chini ya mlima mzima. Hapo ndipo namba zinapoachana. Wakati wa utawala wa Wajerumani kilele kiliandikwa kuwa mita 6,010. Upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952 ulitoa 5,895, namba iliyokaa katika vitabu na kwenye kibao cha kilele cha Uhuru. Wapimaji waliopanda na vipokezi vya setilaiti mwaka 1999 walipata 5,892, na waliorudi mwaka 2008 wakapata 5,891. Mlima haukusinyaa katika muda huo. Setilaiti hupima umbali kutoka umbo laini la kihesabu, na ili kupata mita za juu ya usawa wa bahari lazima mtu aijue jioidi ya mahali hapo. Jioidi ikijulikana vizuri zaidi, jibu nalo husogea.

Everest ilipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1852 mwanahisabati Mhindi Radhanath Sikdar alitambua kwa hesabu kuwa kilele kilichoitwa namba 15 ndicho cha juu kuliko vyote, kutokana na vipimo vilivyochukuliwa kutoka mbali, kwa kuwa wapimaji hawakuruhusiwa kuingia Nepal. China na Nepal zilibishana miaka mingi kama theluji ya kileleni ihesabiwe au kipimo kiishie kwenye mwamba, na Desemba 2020 zikatangaza kwa pamoja mita 8,848.86.

Kiswahili kinaongeza utata wake hapa, na waandishi wa maswali wangeufikiria zaidi. Neno urefu linabeba mambo mawili: mto mrefu ni ule unaokwenda mbali, mlima mrefu ni ule unaokwenda juu. Anayeuliza "mlima mrefu zaidi duniani" hajasema apimiwe kutoka wapi. Akipima kutoka kitako cha mlima hadi ncha, mshindi si Everest. Mauna Kea wa Hawaii una mita 4,207 tu juu ya usawa wa bahari, lakini kitako chake kiko kwenye sakafu ya Pasifiki, na jumla yake inapita mita 10,000.

Akipima kutoka kitovu cha dunia, mambo yanabadilika kwa namna itakayompendeza msomaji wa Afrika Mashariki. Dunia imetuna kiunoni: kutoka kitovu hadi ikweta ni kilomita 6,378, na hadi ncha ya kaskazini au kusini ni kilomita 6,357. Mlima uliosimama karibu na ikweta umesimama juu ya mtuno huo. Kwa kipimo hiki wa kwanza ni Chimborazo wa Ekwado, wenye mita 6,263 juu ya usawa wa bahari. Kilimanjaro, ulioko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, unaipita Everest kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mlima Kenya unaipita kwa kilomita moja hivi. Hata kilele cha Margherita katika Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko Everest.

Maziwa yetu nayo yana fumbo lake. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na kina chake hakizidi sana mita 80, kwa hiyo hata tope la chini kabisa liko kilomita moja juu ya maji ya Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi, ila kina chake ni mita 1,470. Samaki aliye chini kabisa ya ziwa hilo, kama angeweza kuishi pale pasipo na oksijeni, angekuwa karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ilhali ufuo wa Kigoma uko juu ya usawa huo.

Mwili nao hutambua usawa huo. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ilimsaidia Bob Beamon kuruka mita 8.90, na iliwatesa wakimbiaji wa masafa marefu waliozoea nyanda za chini. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000, Mkenya mwenzake Kipchoge Keino akashinda mita 1,500, na Mamo Wolde wa Ethiopia akachukua marathoni, mbio ambazo John Stephen Akhwari wa Tanzania alizimaliza wa mwisho akiwa na bandeji mguuni. Jikoni pia: maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Tanga huchemka kwa nyuzi 80 hivi kileleni Kilimanjaro, na wapagazi wanajua kwamba huko juu maharage hayaivi.

Liko jambo moja la lugha ambalo magazeti yanapaswa kulitazama upya. Ripoti za kimataifa za tabianchi zinaonyesha kuwa kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa sentimita 20 hivi kwa wastani wa dunia nzima, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka na kwa sababu barafu ya nchi kavu inayeyuka. Habari hiyo mara nyingi huandikwa kwa Kiswahili kuwa "kina cha bahari kinaongezeka". Kina ni umbali wa kwenda chini, kutoka uso wa maji hadi sakafu. Gati za bandari ya Dar es Salaam zilipochimbwa ili zipokee meli kubwa, kina kiliongezeka na usawa wa bahari haukusogea. Mto ukimwaga mchanga mdomoni mwake, kina hupungua hata kama bahari inapanda. Mkazi wa pwani akisoma kwamba kina kimeongezeka ataona ni habari ya manahodha. Akisoma kwamba usawa wa bahari umepanda, atajua ni habari ya kisima chake kinachoanza kuonja chumvi na minazi iliyo ukingoni mwa shamba lake.